Nyota wa Timu ya Baiskeli Akistaafu: Kununua Mwingine, Kugawana Majukumu au Kulea Chipukizi?

Mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani, yakiwa ya kwanza kufanyika Afrika, na kwa sisi tulio Dar es Salaam wazo la kuwa na timu ya kulipwa yenye makao yake hapa si la kupuuzwa tena. Anayefikiria kuanzisha au kudhamini timu ya namna hiyo kwa kawaida huanza na jina: nani atakuwa nyota wetu? Swali hilo ni la msingi, lakini lipo jingine ambalo huachwa mpaka maji yamefika shingoni, nalo ni jinsi timu itakavyojengwa upya siku nyota huyo atakapostaafu. Timu kubwa za Ulaya na Marekani zimelijibu kwa njia tatu: kununua nyota mwingine, kubadili malengo na kugawana majukumu, au kulea chipukizi mpaka waive. Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya viongozi wa vilabu na wadhamini wanaotaka kuchagua, na nitasema bila kuficha ipi naiona inafaa kwa mfuko wetu.

Kwanza ieleweke ni nini hasa kinachoondoka pamoja na nyota. Simba au Yanga ikimpoteza mshambuliaji wake hodari, bado ina wanachama, ina viingilio vya mlangoni, ina fedha za matangazo ya televisheni na ina jina lisilomtegemea mtu. Timu ya baiskeli haina lango la kuuzia tiketi, kwa kuwa watazamaji husimama bure kando ya barabara, na hata jina lake si mali yake: timu ya Hispania iliyoanza mwaka 1980 ikiitwa Reynolds ilikuja kuitwa Banesto, ikapitia majina mengine, na leo inaitwa Movistar, kwa sababu jina humfuata mdhamini. Mdhamini naye mara nyingi ametoa fedha zake kwa ajili ya sura moja inayoonekana kwenye televisheni, na sura hiyo ikiondoka anaanza kujiuliza analipia nini.

Cha pili kinachoondoka ni kazi ya wasaidizi. Katika Tour de France, mbio za wiki tatu za Ufaransa zinazogawanywa kwa hatua, moja kwa siku, kila timu hupeleka waendeshaji wanane tangu mwaka 2018, na katika timu yenye nyota saba kati yao huwa wamechaguliwa kwa ajili ya mmoja: kumletea chupa za maji, kumkinga na upepo, kumpa gurudumu lao lake likipata pancha. Yeyote aliyewahi kurudi kutoka Bunju kuja Mwenge wakati wa kusi, akiwa nyuma ya mwenzake mwenye mgongo mpana, anaijua kazi hii mwilini, kwa maana huyo wa mbele anahema huku wa nyuma akipata nafasi ya kunywa maji na kuzungumza. Nyota akistaafu, watu hawa hawawi viongozi kwa sababu tu kiti kimebaki wazi. Wengi wao wamejizoeza kwa miaka kutoshinda, na baadhi yao humfuata kiongozi mwingine kwenye timu nyingine, kwa kuwa kazi yao ina soko zuri.

Cha tatu ni daraja. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, kwa misimu ya 2020 hadi 2022 lilijumlisha pointi za miaka mitatu na kubakiza timu 18 katika daraja la juu, na mwishoni mwa 2022 timu za Lotto Soudal na Israel-Premier Tech zikashushwa. Kujenga upya kwa hiyo si jambo la kufanya polepole kadiri upendavyo, saa inahesabu.

Njia ya kwanza: kununua nyota mwingine

Hii ndiyo njia inayokuja haraka akilini, hasa kwa sisi tuliokulia katika kelele za dirisha la usajili. Ina heshima yake, kwa kuwa imewahi kufaulu. Miguel Indurain alishinda Tour de France mara tano mfululizo kuanzia 1991 hadi 1995, na mwezi Januari 1997 akatangaza kustaafu. Timu yake ya Banesto haikutetereka sana, kwa kuwa kuanzia msimu huo huo ilikuwa na Abraham Olano, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 1995 na aliyefanana na Indurain kwa aina ya uendeshaji: mtu mwenye nguvu katika mbio za kushindana na saa, anayepanda milima kwa kasi isiyobadilika. Wasaidizi walioizoea kazi ya kumlinda mtu wa aina hiyo hawakulazimika kujifunza kazi mpya. Olano alimaliza wa nne katika Tour ya 1997 na akashinda Vuelta a España, mbio za wiki tatu za Hispania, ya 1998, kisha akahama. Kwa vipimo vyovyote hayo ni mafanikio, ingawa hayakukaribia yale ya Indurain, na siri yake ninaiona katika kufanana kwao zaidi kuliko katika umaarufu wa Olano.

Mfano wa pili una uchungu zaidi kwetu kwa sababu ni wa bara letu. MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini mwaka 2015 ilikuwa timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour de France. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya mfalme wa milima, na Steve Cummings akashinda hatua ya Mende tarehe 18 Julai, siku ya Mandela. Mwaka uliofuata, ikiwa sasa na jina la Dimension Data, iliingia daraja la juu na kumsajili Mark Cavendish, mmoja wa wamaliziaji wenye kasi kubwa zaidi katika historia. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha: Cavendish alishinda hatua nne za Tour ya 2016 na kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza. Kisha ikaja ajali ya Vittel mwaka 2017 iliyomvunja mfupa wa bega, ikaja na maradhi ya virusi yaliyomdhoofisha kwa muda mrefu, na timu iliyokuwa imepangwa kumzunguka ikawa haina mhimili. Aliondoka mwishoni mwa 2019 bila kustaafu, lakini kwa timu matokeo yalikuwa yale yale. Wadhamini walibadilika, na mwaka 2021, msimu ambao timu hiyo ilishinda hatua tatu za Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia, ilifungwa kwa kukosa fedha.

Israel Start-Up Nation, ambayo baadaye ikawa Israel-Premier Tech, ilimsajili Chris Froome kuanzia 2021. Froome alizaliwa Nairobi na kufundwa mchezo huu na David Kinjah na vijana wake wa Safari Simbaz kule Kikuyu, na alikuwa ameshinda Tour mara nne. Lakini mwezi Juni 2019 alikuwa ameumia vibaya sana katika mbio za Dauphiné, na waliomnunua walinunua jina la mtu ambaye mwili wake haukuwa tena ule wa 2017. Hakushinda mbio hata moja akiwa nao. Alipata siku moja tukufu, alipomaliza wa tatu kwenye kilele cha Alpe d'Huez mwaka 2022, na ninaiheshimu kwa moyo wote siku hiyo.

Hata hivyo, aliyeifurahisha timu hiyo katika Tour ya 2022 kabla ya wote ni Simon Clarke wa Australia. Clarke alikuwa ameachwa bila kazi ile timu ya Afrika Kusini, Qhubeka, ilipofungwa, na Israel-Premier Tech ilimchukua dakika za mwisho. Tarehe 6 Julai, katika hatua ya kwenda Arenberg iliyopita kwenye barabara za mawe, yeye na Taco van der Hoorn walifika mstarini wakiwa sawa, kila mmoja akiisukuma baiskeli mbele kwa mikono, na ilibidi picha ndiyo iamue. Mtu wa miaka 35 aliyekuwa karibu kuacha mchezo alishinda kwa unene wa tairi. Ninautaja ushindi huu kwa sababu unaonyesha kilichofichwa na usajili mkubwa: bei ya nyota mmoja anayechelewa kupona ingeweza kulipia watu kadhaa wa aina ya Clarke, na pointi zao huenda zingeiepusha timu na kushushwa daraja mwaka ule ule.

Wapo watakaosema kwamba mfano bora ni Discovery Channel ya Marekani. Lance Armstrong alistaafu mara ya kwanza mwaka 2005, na ushindi wake wote saba wa Tour ulikuja kufutwa mwaka 2012 kwa sababu ya dawa zilizokatazwa michezoni. Mwaka 2006 timu ilikwenda Tour bila kiongozi anayeeleweka na hakuna mtu wake aliyemaliza ndani ya kumi bora. Kwa msimu wa 2007 ilisajili nyota, mmoja wao akiwa Alberto Contador, naye akashinda Tour hiyo huku mwenzake Levi Leipheimer akiwa wa tatu. Usajili ulifaulu kabisa. Lakini mwezi Agosti mwaka huo huo uongozi ulitangaza kwamba timu inavunjwa kwa kuwa hakuna mdhamini mpya. Nyota mpya alileta jezi ya njano, fedha hakuzileta.

Njia ya pili: kugawana majukumu

Njia hii inaanza na kukubali kwamba kiti cha nyota kitabaki wazi kwa muda. Timu inaacha kuwania mbio za wiki tatu kwa jumla ya muda, inageukia ushindi wa hatua moja moja na mbio za siku moja, na kila mtu anapewa siku yake ya kujaribu bahati.

Mfano ulio bora kuliko yote ni Quick-Step ya Ubelgiji. Tom Boonen, aliyeshinda Paris-Roubaix mara nne na mbio za Flanders mara tatu, aliendesha mbio zake za mwisho kule Roubaix tarehe 9 Aprili 2017. Msimu uliofuata, ambao ulikuwa wa kwanza kamili bila yeye, timu hiyo ilishinda mara 73. Niki Terpstra alichukua Flanders, Julian Alaphilippe akachukua Flèche Wallonne, Bob Jungels akachukua Liège-Bastogne-Liège, Elia Viviani akashinda hatua nne za Giro. Mpinzani aliyemkaba mmoja alikuwa amemwachia mwingine, na hilo ndilo lililozifanya timu nyingine zishindwe kupanga mbinu dhidi yao. Tusisahau, hata hivyo, kwamba Quick-Step haikuianza njia hiyo baada ya Boonen kuondoka. Ilikuwa na desturi hiyo tangu yeye akiwepo: Philippe Gilbert alishinda Flanders ya 2017 wiki moja kabla ya Boonen kuagwa.

Timu ya Sunweb ya Ujerumani inafundisha zaidi, kwa kuwa yenyewe ililazimika kuanza upya kwa haraka. Tom Dumoulin, bingwa wa Giro ya 2017 na mtu wa pili katika Giro na Tour za 2018, alihamia timu nyingine mwishoni mwa 2019. Sunweb haikununua nyota wa kulingana naye. Ilikwenda Tour ya 2020 na kundi la vijana wenye ruhusa ya kushambulia, nao wakarudi na ushindi wa hatua tatu, mbili za Søren Kragh Andersen na moja ya Marc Hirschi. Katika Giro ya mwaka huo ilifanya makubwa zaidi, na hapo hapo udhaifu wa njia hii ukaonekana kwa macho.

Katika hatua ya 18, iliyopita mlima wa Stelvio na kumalizikia Laghi di Cancano, Wilco Kelderman wa Sunweb ndiye aliyekuwa mbele ya wengi wa wapinzani wake katika jumla ya muda, na mwenzake Jai Hindley alikuwa na nguvu zaidi siku hiyo. Kelderman aliachwa wakati wa kupanda mlima. Hindley akabaki nyuma ya gurudumu la mpinzani wao, Tao Geoghegan Hart, bila kushika zamu ya mbele, kwa kuwa hakutakiwa kumwongezea mwenzake pengo, lakini hakurudi kumsaidia pia. Hindley alishinda hatua, Kelderman akavaa jezi ya waridi ya anayeongoza Giro, na siku mbili baadaye jezi hiyo ikahamia kwa Hindley. Walipofika siku ya mwisho mjini Milano, iliyokuwa ya kushindana na saa, Hindley na Geoghegan Hart walikuwa wamelingana muda kabisa, na Geoghegan Hart akashinda Giro kwa sekunde 39. Sunweb ilipata nafasi ya pili na ya tatu. Siwezi kusema kwa hakika kwamba uamuzi mmoja thabiti juu ya Stelvio ungewapa ubingwa, lakini ninaamini kwamba timu yenye viongozi wawili inapaswa kuamua asubuhi nani atamsubiri nani, na kulisema hilo mezani mbele ya wote wawili.

Hasara nyingine ya njia hii ni kwamba mafanikio yake huwatangaza watu wako sokoni. Kelderman alikwishasaini kwingine kabla ya Giro hiyo kuanza. Hirschi aliondoka Januari 2021. Hindley alihamia Bora-hansgrohe na akashinda nayo Giro ya 2022. Sunweb iliwafanya wote watatu waonekane, na matunda ya mwisho yakaliwa kwingine.

Njia ya tatu: kulea chipukizi

Trek-Segafredo ni mfano wa timu iliyofuata njia mbili kwa wakati mmoja, na kwa hiyo inaturuhusu kulinganisha ndani ya nyumba moja. Fabian Cancellara alistaafu mwaka 2016 baada ya kushinda dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Kwa msimu wa 2017 timu ilinunua majina mawili makubwa, Alberto Contador na John Degenkolb, na katika usajili huo huo ikamchukua kijana wa Denmaki wa miaka 21 ambaye wachache walimjua, Mads Pedersen. Contador alistaafu mwisho wa msimu huo huo, baada ya kushinda kwa fahari kwenye mlima wa Angliru, na timu ikarudi pale ilipokuwa. Degenkolb alishinda hatua ya Roubaix katika Tour ya 2018 kisha baadaye akaondoka. Pedersen alimaliza wa pili nyuma ya Terpstra katika Flanders ya 2018, na tarehe 29 Septemba 2019, chini ya mvua ya Yorkshire iliyowatoa wapinzani mmoja baada ya mwingine, akamshinda Matteo Trentin kwenye mita za mwisho na kuwa bingwa wa dunia. Alikuwa na miaka 23. Miaka mingi baadaye bado ni nguzo ya timu hiyo.

Groupama-FDJ ya Ufaransa iliifanya kazi hii kwa mpango. Mwaka 2019 iliunda timu ya vijana yenye makao Besançon, na mwaka 2023, ambao ulikuwa wa mwisho wa Thibaut Pinot, kundi la vijana hao likapandishwa kwa pamoja, wakiwemo Romain Grégoire na Lenny Martinez. Martinez alivaa jezi nyekundu ya anayeongoza Vuelta mwaka huo akiwa na miaka 20. Kuanzia 2025 akawa wa Bahrain Victorious. Mlezi, kama ilivyokuwa kwa Sunweb, hana hakika ya kuvuna.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka katika mbio za wanawake. Anna van der Breggen wa SD Worx, bingwa wa dunia na wa Olimpiki, alitangaza mapema, mwaka 2020, kwamba angestaafu mwishoni mwa 2021. Timu ikamleta Demi Vollering msimu wa 2021 ili waendeshe pamoja mwaka mzima. Katika Liège-Bastogne-Liège ya mwaka huo, van der Breggen, akiwa amevaa jezi ya bingwa wa dunia, alikaa mbele ya kundi la walioongoza katika kilomita za mwisho na kuvuta kwa nguvu zake zote ili pasiwe na mtu wa kuchomoka, na Vollering akatoka nyuma na kushinda. Nyota alifanya kazi ya msaidizi hadharani, mbele ya kamera zote, na hakuna barua ya uongozi ambayo ingeweza kumtambulisha mrithi vizuri zaidi. Alipostaafu alibaki kwenye timu akiwa mkurugenzi wa michezo na kumfundisha Vollering, aliyeshinda Tour de France ya wanawake mwaka 2023. Baadaye van der Breggen alirudi barabarani, na katika mbio za saa kule Kigali mwaka 2025 alipata medali ya fedha na Vollering akapata ya shaba.

Kwa hapa Afrika Mashariki tunao ushahidi wa karibu. Kuanzia 2014 hadi 2018 Tour du Rwanda ilishindwa na Wanyarwanda kila mwaka, na walikuwa watu wanne tofauti: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya na Samuel Mugisha. Hayo hayakuwa matunda ya nyota mmoja, bali ya kundi lililokuwa likifanya mazoezi pamoja na kusukumana. Ukweli mwingine lazima usemwe pia: tangu mbio hizo zipandishwe daraja mwaka 2019 na timu kubwa zikaanza kuja, hakuna Mnyarwanda aliyezishinda hadi 2025. Kulea kunafika mahali ambapo kijana anahitaji mbio ngumu za nje, na anayelea bila kupanga safari hizo anajenga ghorofa bila ngazi.

Zikipimwa kwenye mizani moja

Kwa upande wa fedha, njia ya kwanza ndiyo ghali, na ughali wake haumo katika mshahara wa nyota peke yake. Nyota huja na watu wake: wasaidizi wawili au watatu, fundi aliyemzoea, pengine na kocha. Timu ikimlipa yeye na kushindwa kuwalipa hao, imenunua nusu ya mtu. Njia ya pili inahitaji fedha za wastani, lakini zigawanywe kwa usawa zaidi, maana hakuna atakayekubali kugawana majukumu huku mmoja akilipwa mara tano ya wenzake. Njia ya tatu ndiyo nafuu kwa mishahara, ila inadai gharama zisizoonekana kwenye picha: nyumba ya kuishi vijana, chakula cha uhakika, kocha mwenye subira, na nauli.

Kwa upande wa muda, nyota aliyenunuliwa akiwa mzima anaweza kuleta ushindi mwaka ule ule, kama Contador wa 2007. Kugawana majukumu kunaweza pia kuzaa haraka, kama ilivyokuwa kwa Sunweb. Kulea kunachukua miaka mitatu au zaidi. Hata Pedersen, ambaye ni kipaji cha ajabu, alifikia taji kubwa katika msimu wake wa tatu na timu hiyo. Mdhamini anayetaka jezi kwenye magazeti ndani ya miezi sita asidanganywe kwamba njia ya tatu itampa.

Kwa upande wa hatari, mizani inageuka. Njia ya kwanza inaweka kila kitu katika mifupa na afya ya mtu mmoja, na katika mchezo huu watu huanguka kila wiki. Katika njia ya pili akiumia mmoja wapo wengine, na pointi hupatikana hapa kidogo na pale kidogo. Kuanzia 2023 hadi 2025 UCI ilihesabu pointi za waendeshaji 20 bora wa kila timu, badala ya kumi wa awali, na utaratibu huo uliwafaa wenye kikosi kipana. Hatari ya njia ya tatu ni kuibiwa mazao. UCI inataka kijana anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye timu za kulipwa za madaraja ya juu apewe mkataba usiopungua miaka miwili, na miaka miwili huisha kabla mti haujazaa.

Ipi ifuatwe hapa Dar es Salaam

Mwenye mfuko mkubwa, mdhamini aliyesaini miaka mitatu au zaidi, na wasaidizi ambao bado wapo na wamezoea kazi ya aina moja, anaweza kufuata njia ya kwanza, mradi anunue mtu anayefanana na yule aliyeondoka na aliye mzima leo. Kwa hali ya vilabu vyetu, ambavyo mdhamini wake mara nyingi husaini mwaka kwa mwaka na ambavyo kikosi chake hakifiki watu 15, sioni busara ya kumfuata jina. Nyota wa nje atakayekubali kuja kwa fedha tulizonazo ni yule ambaye miaka yake mizuri imekwisha, na fedha hizo zingelisha vijana kwa misimu mizima.

Ninachopendekeza ni kulea, huku ratiba ya mbio ikipangwa kwa njia ya pili. Maana yake ni kwamba kwa misimu miwili ya kwanza baada ya nyota kuondoka timu isitangaze kwamba inakwenda kuchukua ubingwa wa jumla wa Tour du Rwanda au wa mbio nyingine yoyote ndefu. Ichague hatua tatu au nne zinazowafaa watu wake, na imweleze mdhamini hivyo kabla hajalipa. Vijana wetu wanaojifunza kwenye tambarare za Dar es Salaam na kupandishia vilima vya Pugu hawatalingana mara moja na waliokulia kwenye vilima vya Rwanda; lakini hatua inayomalizikia mahali pa tambarare, kundi likiwa zima, ni yao kama ilivyo ya mtu mwingine yeyote, na ushindi mmoja wa aina hiyo kwenye televisheni unamtosha mdhamini kuliko nafasi ya 30 katika jumla ya muda.

Chipukizi wasajiliwe watatu au wanne kwa pamoja, asisajiliwe mmoja anayeitwa mrithi kila anapopita. Mzigo wa kuitwa mrithi umewaelemea wengi, na kundi hujilinda lenyewe. Mikataba yao iwe na kifungu cha fidia ya malezi iwapo timu kubwa itawachukua kabla ya muda, ili kuondoka kwa mmoja kulipie kuingia kwa wawili. Kifungu hicho kisiwe kizito kiasi cha kumzuia kijana kwenda Ulaya, kwa sababu huko ndiko anakostahili kufika, na klabu inayomfungia mlango itakuwa imemdhulumu.

Na nyota mwenyewe ahusishwe kabla hajaondoka. Uongozi ukae naye mwaka mmoja na nusu kabla ya tarehe anayoitazamia, umwombe atangaze mapema, na mkataba wake wa mwisho uandikwe kwamba katika mbio kadhaa zilizotajwa kwa majina ataendesha kama msaidizi wa chipukizi, kwa mshahara ule ule na posho ya ushindi ile ile kana kwamba ameshinda yeye. Baada ya hapo apewe kiti kwenye gari la timu kwa mkataba wa miaka miwili. Akikataa kushuka kwenye nafasi ya msaidizi, ni afadhali uongozi ulijue hilo ukiwa na msimu mzima mkononi, wakati ambapo bado unaweza kubadili mpango na kumweleza mdhamini ukweli.